Waseme na Vitambaa vya Bluu

Siku tulipomzika Mzee Yeremia kule Mamboya, walinizuia getini kwa sababu ya mbwa. Mwanakamati mmoja mwenye utepe mweupe mkononi alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, kisha akaniambia kwa upole wa kanisani kwamba mama unakaribishwa sana, ila mbwa abaki barabarani. Nikamjibu kwamba mbwa huyu ametoka nami Kilosa nyuma ya pikapu, huko barabarani hana ndugu, na marehemu amelala jirani na mbwa na farasi nusu ya umri wake bila kulalamika. Akageuza shingo kutafuta mkubwa wa kumsaidia. Sikumsubiri. Nilipita, kamba fupi, mbwa upande wa kushoto, kama marehemu mwenyewe alivyonifundisha, nikaketi kwenye kiti cha plastiki mwisho wa safu na mbwa akajilaza chini yake. Wanawake wawili mbele yangu walivuta vitenge vyao. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Na ushungi wote huo, na mbwa!" Maneno hayo nayasikia mwaka wa thelathini na ushei sasa. Nimeyazoea, na hata siku nisipoyasikia huwa najiuliza kama watu wako salama.

Kilichonichoma siku ile hakikuwa hao. Kilikuwa wasifu wa marehemu. Aliusoma Neema, binti yake mkubwa, mwalimu, kwa sauti iliyonyooka. Alizaliwa, alibatizwa, alioa, alifanya kazi ya kutunza farasi kwa uaminifu. Kisha akafika mahali pa kambi ya Mikumi, akasoma kwamba ni baba yake aliyegundua kuwa vitambaa vya bluu vinaita mbung'o, na kwa ujasiri wake akasimama mbele ya wakubwa akawaambia ukweli, farasi wakapona. Watu wakaguna kwa kukubali, na mzee mmoja akasema "Naam!" Damu ilinipanda kichwani. Mzee Yeremia alikuwa na mazuri mengi, na nitayasema yote, lakini ujasiri wa siku ile haukuwa wake. Ulikuwa wangu, nikiwa na miaka ishirini na mmoja, na ulininyang'anya kazi niliyoipenda kuliko kazi yoyote niliyopata kuifanya baadaye. Pale makaburini nilinyamaza, maana jeneza halibishani. Hapa sinyamazi.

Habari za nilizaliwa wapi, tena na nani, hazimsaidii mtu. Anzeni na mimi nikiwa na miaka ishirini, cheti cha kidato cha nne nilichokuwa nakificha chini ya godoro kwa aibu ya alama zake, chumba kimoja cha kupanga Magomeni, mjini Kilosa, nyumbani kwa Bi Mwanjaa, na kazi kwenye shamba la zamani la mkonge nje kidogo ya mji. Mkonge ulikwishakufa siku nyingi. Ghala lake alikuwa amelinunua mama mmoja wa Kizungu, mjane, akaweka humo farasi kumi na wawili, na sisi sote tukamwita Mama Farasi. Mara tatu au nne kwa mwaka, wakati wa kiangazi, alikaribisha wageni kutoka Dar es Salaam na Arusha kuja kupanda farasi na kushindana kuruka maboriti, mara nyingine pale shambani, mara nyingine kwenye kambi upande wa Mikumi, nje ya mpaka wa hifadhi. Ndani ya hifadhi farasi haingii wala mbwa haingii, na hilo silipingi. Mimi nilichukuliwa kuosha vyombo. Wiki ya pili Mzee Yeremia, mkuu wa watunza farasi, aliniona nikimlisha farasi jike mweupe maganda ya viazi kwa kiganja kilichonyooka, vidole vimebana, akauliza nani amenifundisha. Nikasema hakuna. Akanipa brashi.

Waseme nilimpata mwezi huohuo, kwenye kinu kilichokufa cha mkonge, mtoto wa mbwa peke yake juu ya rundo la makapi, masikio makubwa kuliko kichwa. Nilipomleta Magomeni ndani ya kikapu, mtaa mzima ulipata kazi. Mtoto wa Kiislamu, tena msichana, anafuga mbwa. Atakuwa amechanganyikiwa huko kwa Wazungu. Mwanamume gani atamwoa? Nilikuwa nachota maji bombani siku mama mmoja aliponiuliza mbele ya foleni yote mbwa wangu anaitwaje, na sikuwa nimempa jina bado. Nikasema, "Anaitwa Waseme." Foleni ikacheka, yule mama akanuna, na jina likabaki.

Bi Mwanjaa hakucheka. Aliniita uani, akaketi kwenye kibao chake cha mbuzi bila kukuna nazi yoyote, akaniwekea mambo wazi. "Mwanangu, mbwa wa kulinda sikukatazi, nami si mufti. Lakini nyumba hii ina vyombo na ina mkeka wa kusalia. Chombo akilamba, kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Na akikulamba wewe, basi wewe ndiye chombo." Akaniwekea ndoo ya udongo safi nje ya mlango wa nyuma. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, meza yenye mguu mmoja mfupi niliouinua kwa kipande cha kigae, na dirisha la mbao lililofungukia ukuta wa jirani, lakini ukiniuliza leo nyumba ile ilikuwaje, nitakutajia ndoo ile kwanza. Kila jioni nikitoka kazini nilisimama pale nikaosha mikono na miguu mara saba, nikihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, ili kila mwenye sikio uani ajue kwamba sheria naijua na mbwa ninaye vilevile. Waseme alilala kibandani nyuma ya jiko. Baada ya miezi miwili nilimkuta Bi Mwanjaa akimsukumia ukoko wa wali kwa fimbo ndefu ya kufagilia buibui, uso ameugeuza upande mwingine, na nilirudi nyuma nikinyata ili asijue nimemwona.

Kazini mambo yalikuwa tofauti, kwa sababu huko mbwa walikuwa sehemu ya shughuli. Wageni walikuja na mbwa wao. Walishuka kwenye magari pamoja na matandiko na kofia ngumu, mbwa wekundu wenye mstari mgongoni, mbwa wadogo weupe wenye kelele, na kila mmoja alikuwa na bakuli lake. Mzee Yeremia ndiye aliyewapokea. Alikuwa na sheria zake ambazo hazikuandikwa popote, na alizisema taratibu kwa Kiswahili cha shule ya misheni, akitupia neno la Kikaguru pale subira ilipomwishia. Mbwa hapiti nyuma ya farasi, maana farasi akimsikia bila kumwona atapiga teke. Mbwa anatembea kushoto kwa mpandaji, mbele kidogo ya kikuku cha kukanyagia, mahali ambapo mpandaji na farasi wote wanamwona. Farasi wanakunywa kwanza, mbwa baadaye. Na farasi wakifungwa kambini kwenye kamba moja ndefu, mbwa mmoja wanayemjua afungwe mwisho wa kamba, kwenye kivuli, ili wanuse harufu yake watulie. Mbwa wa wageni hawakufaa kazi hiyo kwa kuwa farasi hawakuwajua. Waseme alifaa. Alikua akila jirani na kwato zao, na alipofikisha mwaka mmoja, Mzee Yeremia alikuwa akiniuliza asubuhi, kabla hata ya salamu, "Mwenzetu yuko wapi?"

Kisha tukaletewa meneja. Bwana Deo alikuwa kijana wa Morogoro, nadhifu, mwenye diploma ya utalii na faili la plastiki alilotembea nalo hata akienda chooni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ukimpata mtu asiyeijua kazi, wanaoijua hupata tabu. Kabla ya kambi ya Mikumi alibandika tangazo ghalani: mbwa wote watakaoruhusiwa kambini watavaa kitambaa cha bluu shingoni, ili waonekane vizuri kwenye majani makavu na wajulikane kuwa ni mbwa wa wageni. Mbwa wa wafanyakazi hawaruhusiwi. Nilimwendea na kadi ya chanjo ya Waseme, niliyoihangaikia ofisi ya mifugo siku mbili nzima. Akaisoma mbele na nyuma, akanirudishia. "Kadi ni nzuri, dada. Lakini orodha ni ya wageni." Mama Farasi alipoambiwa na Mzee Yeremia kwamba farasi hawatulii bila Waseme, akasema basi aende, afungwe mwisho wa kamba. Meneja akakubali kwa shingo upande, ila kitambaa hakutoa.

Mimi nikapandwa na kiburi. Kama kitambaa ndicho kinachomfanya mbwa awe mbwa, basi Waseme atakuwa nacho. Nilikuwa bado na sketi yangu ya sekondari, bluu ileile, nikaikata pindo na kushona kitambaa kizuri kuliko vya meneja, chenye ukingo uliokunjwa mara mbili. Bi Mwanjaa aliniangalia nikishona, akauliza ni cha nini, nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Sketi ya shule iliyokushinda, unamvisha mbwa!" Tulicheka wote wawili mpaka akashika mbavu.

Farasi tuliwapeleka Mikumi kwa miguu yao, siku mbili, tukipitia kijiji cha Ulaya, maana hata sisi tunayo Ulaya yetu na haina baridi. Wa kwanza alikuwa Mzee Yeremia, mimi wa mwisho, Waseme kushoto kwangu na kitambaa chake. Siku ya pili tukaingia kwenye miombo, na mbung'o wakaanza. Farasi tulikuwa tumewachoma sindano za kinga ya nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, na kuwapaka dawa, na wengi wa mbung'o hawakuwajali. Walikuwa shingoni mwa Waseme. Alijikuna, akajibiringisha, akalia. Mzee Yeremia alisimamisha msafara, akarudi, akakifungua kile kitambaa na kukitia mfukoni. "Mbung'o anapenda bluu," akasema. "Hata watu wa serikali wakitaka kumtega hutundika kitambaa cha bluu na cheusi mtini. Hukuviona kule nyuma?" Nilikuwa nimeviona, nikadhani ni vya waganga. Nikamuuliza, "Sasa meneja anajua?" Akasema, "Hajaniuliza." Nikasema twende tukamwambie. Mzee akacheka, akapanda farasi wake. "Binti yangu, mtu mwenye diploma haambiwi. Anauliza. Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Na mimi nilicheka. Hilo ndilo kosa langu la mwaka ule, na silifichi nyuma ya mgongo wa marehemu. Tulifika kambini, wageni wakafika na mbwa wao sita, Bwana Deo akawavisha vitambaa mmojammoja kwa mkono wake kama anayetoa nishani, na mimi nikaona, nikajua, nikanyamaza siku mbili nzima. Niliona raha kuwaangalia mbwa waliopewa heshima wakijikuna huku wangu, aliyenyimwa, amelala usingizi mwisho wa kamba. Tulipokuwa tukila ugali na maharage nyuma ya lori, watunza farasi wote tuliigiza meneja akifunga vitambaa. Hakuna aliyewaza kwamba mbwa wale wanalala chini ya farasi.

Siku ya tatu ilikuwa ya mashindano. Wapandaji walikuwa tayari wamekaa kwenye matandiko, wamejipanga wakisubiri zamu ya kuruka, na mbwa wao wamejilaza kivulini miguuni mwa farasi, kinyume cha sheria zote za Mzee Yeremia, lakini mgeni hakaripiwi. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali. Mbung'o walifuata vitambaa, na walipofika kwenye vitambaa wakakuta juu yake matumbo kumi ya farasi waliotoka jasho lililoosha dawa. Yule jike mweupe, Shubiri, alipiga teke, akakurupuka, na wengine watatu wakamfuata wakitimua mbio kuelekea barabara kuu, ile inayopitisha malori usiku na mchana. Mama mmoja kutoka Dar alianguka akavunjika mtulinga, mfupa wa begani. Waseme alikata kamba. Nilimwona akipita kama mshale, si nyuma yao bali pembeni, kushoto, mpaka akawatangulia, akasimama mbele ya Shubiri akabweka, na Shubiri akageuka. Wote wanne wakarudi. Lakini waliokuwa wamesimama upande wa hema waliona kitu kimoja tu: mbwa asiye na kitambaa akikimbia na farasi.

Bwana Deo aliamua kabla vumbi halijatua. Mbwa afungwe nyuma ya jiko, na mlinzi wa kambi, aliyekuwa na bunduki, ammalize baada ya chakula cha mchana, wageni wakienda kupumzika, wasisumbuliwe na mlio. Aliniambia mwenyewe, huku akifungua na kufunga faili lake; nadhani hakuwa amewahi kuamuru kifo cha kiumbe chochote. Nilikwenda kwa Mzee Yeremia, nikamkuta akimkanda Shubiri miguu. "Mzee, sasa tuseme." Hakuinua kichwa. "Nina watoto sita shuleni, binti yangu." Aliendelea kukanda. Kutoka jikoni nilimsikia Waseme akilia, na mpishi akimwambia nyamaza we, nyamaza mama. Kutoka hema la chakula niliwasikia wageni wakisema kwamba tatizo ni mbwa hawa wa mitaani, hawana mafunzo, hawana damu nzuri. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilikuwa kibovu, lakini hayo niliyaelewa yote.

Nikapiga moyo konde. Nilijifunga ushungi upya, nikaenda mpaka kwenye hema, na kwa kuwa nimelelewa, nikapiga hodi. Hakuna aliyeitika, nikaingia. Walikuwa wakila kuku wa kuchoma na viazi. Nikasema, "Mbwa wangu hakuwakimbiza farasi. Aliwarudisha. Kilichowakimbiza ni hicho," nikamwonyesha mbwa mkubwa mwekundu aliyelala chini ya meza na kitambaa chake. Bwana Deo alisimama na kitambaa cha mdomo mkononi. "Dada, toka. Wageni wanakula." Nikasema, "Nitatoka nikimaliza." Mama Farasi aliweka uma chini. "Sema," akaniambia. Nikasema mbung'o anafuata bluu, kila mtu anayeishi huku anajua, mitego yao ni ya bluu, na sisi tumewafunga mitego mbwa na kuwalaza chini ya farasi. Bwana Deo akauliza nimesomea wapi. Nikasema, "Muulizeni Mzee Yeremia."

Akaitwa. Alisimama mlangoni pa hema, kofia mikononi, akiizungusha. Mama Farasi akamuuliza, "Mzee, ni kweli anachosema?" Nilimwangalia usoni. Alikuwa ameniona nikikomaa mwaka mzima, alinifundisha kunyanyua kwato bila kuogopa, aligawana nami magimbi ya kuchoma aliyoletewa kutoka nyumbani kwake. Akasema, "Mimi ni mtu wa farasi, Mama. Mambo ya rangi siyajui."

Kuna maumivu ambayo hayangoji mtu alie. Nilisema moyoni liwalo na liwe, nikainama chini ya meza, nikamfungua yule mbwa mwekundu kitambaa. Mwenyewe akapiga kelele, mbwa akanilamba mkono. Nikatoka nje, nikakifunga kwenye kioo cha pembeni cha Land Rover ya meneja, mahali ambapo kila aliyeketi mezani alikiona. "Kuleni," nikawaambia. "Mkimaliza, mtazame." Nikasimama pale juani. Mlinzi wa bunduki alikuja akasimama karibu nami, naye akaangalia. Sikuwa na hakika. Nilikuwa nimewaona shingoni mwa Waseme siku moja tu, na aliyenieleza sababu alikuwa amekana. Nilimsikia Waseme bado analia, nikaanza kuhesabu kama ninavyohesabu kwenye ndoo ya Bi Mwanjaa, moja, mbili, tatu, na nilipofika saba nikaanza tena. Mbung'o wa kwanza alitua. Akafuata wa pili. Sahani hazikuwa zimekwisha mezani na kitambaa kilikuwa kimejaa mbung'o, wengine wakaingia hemani wakatafuta mbwa watano waliobaki, na mgeni mmoja akaumwa sikioni akaruka na kiti. Mama Farasi aliinuka, akawafungua mbwa wote vitambaa, akavitupa kwenye moto wa mpishi.

Bwana Deo alinifuata. Alikuwa mwekundu wa macho. Akaniambia mbwa amesamehewa, lakini mimi nimemgusa mbwa wa mgeni, nimeingia chakulani bila kuitwa, nimemwaibisha, kwa hiyo nifungashe. Nikamwambia, "Mimi nifukuze, umenikuta na makosa. Mbwa usimsamehe, hana kosa." Mama Farasi alikuwa hatua nne kutoka pale, akasikia, akashughulika na moto. Nilimfungua Waseme nyuma ya jiko. Mpishi alinitia chapati mbili kwenye karatasi, na tukatoka kambini kwa njia kuu, mbwa kushoto, mpaka Mikumi mjini, ambako lori la mbao lilitupandisha hadi Kilosa. Sikugeuka. Najua Mzee Yeremia alikuwa amesimama kwenye kamba ya farasi, kwa sababu Waseme aligeuka, akatikisa mkia.

Bi Mwanjaa alisikia yote akiwa anachambua mchele. Hakuniuliza nitalipaje chumba wala nitaolewa na nani. Alisema tu, "Kikulacho ki nguoni mwako," akanyanyuka, akaenda kujaza udongo mpya kwenye ndoo. Miezi mitatu baadaye Mzee Yeremia alikuja Magomeni, amebeba mkungu wa ndizi kutoka Mamboya. Akaketi barazani, akanywa chai, akazungumzia mvua. Mwishowe akasema, "Vitambaa sasa ni vyeupe." Nikamuuliza nani amevibadilisha. "Mama." Na nani amemwambia? Akamgeukia Waseme. "Huyu amenona," akasema. Nilielewa kwamba ndilo ombi lake la radhi, na nilipokea ndizi. Alikuja tena kila mwaka baada ya mavuno, hata nilipokuwa nimeanza kazi ya kuchanja mbwa vijijini, kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Hata baada ya Waseme kufa kwa uzee, kibandani kwake. Nilimpenda mzee yule. Watoto wake sita walisoma wote, na nafahamu mtu anavyoweza kumeza ukweli akiwa na sita wa kulisha. Kufahamu hakunifanyi niseme halikutokea.

Basi pale msibani, baada ya maziko, nikaletewa chakula kutoka sufuria ya Waislamu, nikala, nikampa mbwa mfupa. Neema akaja kunishukuru kwa kufika. Alimwona mbwa, akanitazama tena, akaketi taratibu kwenye kiti cha mbele yangu. "Samahani, mama. Wewe ulifanya kazi na baba kwenye farasi?" Nikasema ndiyo. Akafinyafinya karatasi ya wasifu aliyokuwa bado ameishika. "Baba hakuwahi kusema ni yeye aliyewaambia wakubwa. Alikuwa anasema kulikuwa na binti mmoja, Mwislamu, alikuwa na mbwa. Kila akifika hapo anakohoa, ananyamaza. Jina hakulitaja. Kamati wakaona haipendezi, wakaniambia niandike ni baba."

Wanawake wa vitenge walikuwa wamegeuka wanasikiliza. Kuna mtu nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nilinawa mkono kwanza, nikajifuta. Nilikuwa sijakasirika tena, ila sikuwa tayari kuondoka Mamboya hivihivi.

"Una kalamu?" nikamuuliza.

Alikuwa nayo. Akaiweka karatasi gotini, akakata mstari mmoja, akaniangalia akisubiri. Nikamtajia jina langu, Mwanaidi, na la baba yangu, polepole, akaandika pembeni kwa mwandiko wa mwalimu. Akataka kufunga kalamu.

"Bado," nikamwambia. "Andika na la mbwa."